Vimondo: Alama Zake, na Uwongo Unaosemwa Juu Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Kimondo ni ule mwanga upitao mbinguni usiku kwa kasi, kisha ukazimika. Watu wa zama za ujahili walipokiona wakisema kuwa usiku ule amezaliwa mtu mkubwa au amekufa mtu mkubwa. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha Masahaba ya kuwa hakirushwi kwa mauti ya mtu wala kwa uhai wake. Khabari hii imepokewa na Ibn Abbas, nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Basi mwenye kukiona leo akamtabiria jirani yake mauti, amerejea katika jambo lililokwisha batilishwa.

Katika Sura za As-Saffat na Al-Mulk imetajwa ya kuwa mbingu ya karibu imepambwa, na ya kuwa mashetani hurushiwa. Hayo Muislamu huyaamini. Ama kile kionekanacho kwa macho, wenye elimu ya falaki wamekipima: ni kijiwe au chembe iingiayo hewani kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, ikawaka. Nyota zenyewe haziondoki mahali pake. Kilicho kikubwa huweza kufika ardhini, kama jiwe la chuma la Mbozi, Tanzania, lenye urefu wa kiasi cha mita 3.

Alama zake ni tatu.

Kwanza, muda. Kimondo hakidumu ila sekunde chache. Mwanga uendao taratibu kwa dakika nzima ni ndege au chombo kilichorushwa na watu; na ule mkali utuliao upande wa machweo baada ya Magharibi, mara nyingi ni Zuhura.

Pili, nuru. Kikishinda nuru ya Zuhura, hicho huhesabiwa katika vikubwa.

Tatu, sauti. Kikinguruma, ngurumo huchelewa dakika moja au zaidi, kwani sauti haina mwendo wa nuru.

Mwenye kukiona na ahifadhi saa, na kilikoanza na kilikoishia, akipima kwa upande wa kibla. Wala asiseme kimeanguka nyuma ya minazi ya mji. Aghalabu kimezimika juu sana, mbali na hapo.

Mwenyezi Mungu amekataza mtu kufuata asilolijua, na macho na masikio yataulizwa. Kushuhudia kimondo ni kama kushuhudia mwezi mwandamo: husemwa lililoonekana, wala haliongezwi neno.

Wallahu aalam.