Hita ya Jua Kwenye Paa la Gesti: Hesabu Wageni Kwanza

Ukiuliza bei ya hita ya maji ya jua, muuzaji atakutajia lita za tangi. Wewe anza na wageni wako.

Tuchukue gesti ya Kariakoo yenye wageni 10, kila mmoja akioga lita 30 za maji ya nyuzi 40. Maji ya bomba hapa hayana baridi kali. Tukiyakadiria kuwa nyuzi 27, yanahitaji kupandishwa nyuzi 13 tu. Lita moja hutaka wati-saa 1.16 kwa kila nyuzi, hivyo lita 300 zitakula yuniti (kilowati-saa) 4.5 kwa siku. Jua la Dar es Salaam huleta wastani wa yuniti 5 hivi kwa kila mita ya mraba, na hita nzuri hunasa karibu nusu. Basi mita 2 za mraba zinatosha siku ya kawaida. Masika ni habari nyingine. Usiing'oe koili ya umeme.

Sasa fedha. Chukua risiti ya LUKU, toa kodi ya jengo iliyokatwa humo, kisha kilichobaki kigawanye kwa yuniti ulizopata. Ikitoka shilingi 350 kwa yuniti, unaokoa kama 575,000 kwa mwaka. Hita ya 2,300,000 itarudisha fedha yake kwa miaka 4. Vitanda vikijaa nusu tu, ni miaka 8, maana maji ya moto yasiyoogwa na mtu hayaokoi hata senti. Wengi hukwama hapo: wamelihesabu jua, wageni hawakuwahesabu.

Wahandisi wa mitambo mikubwa ya umeme wa jua inayotumia vioo, kama Noor I ya Ouarzazate, Moroko, yenye megawati 160, hupiga hesabu za namna hiyo kwa kila saa ya mwaka; ipo hata programu ya bure ya Kimarekani, System Advisor Model. Vioo vyao hutaka miale iliyonyooka, ndiyo maana hujengwa kwenye ukame, si pwani yenye mawingu kama yetu. Hita ya paa hunasa hata mwanga uliotawanyika.

Kikwazo cha Kariakoo ni maghorofa. Mwezi Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini kwa nyuzi 30 hivi. Jengo la upande huo likizidi paa lako kwa mita 20, litakutupia kivuli cha mita 11 hadi 12. Kwa hiyo kagua paa Juni, si Desemba jua likiwa kusini, na uulize kama kiwanja cha jirani kinasubiri ghorofa. Na kama unatumia kisima chenye chumvi, mwambie fundi kabla hajachagua tangi.