"Mtu wa kwetu, tulisoma wote"



Mimi ni kijana wa miaka 24, nalima viazi hapa Ibaba, wilayani Ileje. Nina rafiki niliyeanza naye darasa la kwanza. Tulipokuwa sekondari tulikuwa tukiangalia katuni ya Kijapani, One Piece, kwenye simu ya kaka yake, na tangu hapo tunaitana "nakama". Sasa yuko Tunduma, anafanya kazi kwa wakala wa forodha. Mwezi uliopita nilishuka na magunia mawili ya viazi, nikafikia kwake. Alinipisha kitanda, yeye akalala kwenye mkeka. Asubuhi nikamsindikiza kazini, bosi wake akauliza, "Huyu nani?" Akajibu, "Mtu wa kwetu, tulisoma wote." Basi. Jioni nikamwuliza mbona hakusema mimi ni nakama wake, au hata rafiki tu. Akaniambia nakama siyo rafiki, nikatafute maana yake. Nimerudi nyumbani, na hii ni wiki ya tatu sipokei simu zake. Naomba unieleze: nakama maana yake nini, na mimi kwake ni nani?

Wako, Nakama wa Ibaba

Mwanangu,

Nianze na lugha, maana hapo jibu lipo wazi. Mwenzako amesema kweli: nakama siyo rafiki. Rafiki kwa Kijapani ni tomodachi, neno la kila siku, la mtoto wa chekechea na la mzee wa miaka 80. Nakama ni wale mlio kundi moja, mnaofanya jambo moja. Zamani, katika enzi iitwayo Edo, wafanyabiashara wa Japani walikuwa na vyama vyao vilivyoitwa kabunakama, wakigawana haki ya kuuza bidhaa fulani, na serikali ikavivunja kwa muda mwaka 1841. Hao walikuwa nakama, na sidhani kama wote walipendana. Katika One Piece, ambayo Eiichiro Oda alianza kuichora mwaka 1997, Luffy, mhusika mkuu, na wenzake ni nakama kwa sababu wako chombo kimoja, wanakwenda safari moja. Mchoraji amelitia neno hilo joto kubwa, ndiyo maana vijana mnalipenda, lakini kiini chake ni kile chombo.

Sisi neno hilo tunalo. Ni mwenzi. Mwenzangu wa kwaya, mwenzangu wa kazini, wenzetu wa safari. Unaweza kuwa hupatani na mtu kabisa na bado akawa mwenzako, kwa kuwa mnavuna shamba moja. Na rafiki lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni mtu mnayefuatana naye, hasa njiani. Kwetu likapanda cheo, likawa la moyoni. Maneno ya namna hii huhama, mwanangu. Shoga, kwa mfano, mwanamke wa pwani alimwita hivyo rafiki yake wa kike bila wasiwasi wowote. Leo sehemu nyingi akilitamka watu wanageuka kumtazama.

Wajapani wana maneno mengine ambayo ungekuwa unayajua siku ile Tunduma, usingeumia hivi. Lipo shin'yū, rafiki wa ndani kabisa, tunayeweza kumwita mwandani. Herufi yake ya kwanza ndiyo ileile wanayoandikia neno mzazi. Lipo yūjin, lenye maana ileile ya tomodachi ila limevaa suti: utalisikia kwenye hotuba ya harusi na kwenye barua za ofisini. Lipo chijin, mtu ninayemfahamu, ambalo magazeti yao hulitumia sana pale yasipotaka kusema watu wawili wana uhusiano wa namna gani. Na lipo osananajimi: mliozoeana tangu utoto. Hilo la mwisho huwezi kulipata ukubwani, hata ukiwa na fedha za kununua Tunduma nzima. Unaweza kuwa na shin'yū uliyekutana naye chuoni ukiwa na miaka 20. Osananajimi ni lazima awe amekuona ukienda shule peku.

Sasa rudia alivyokutambulisha: "Mtu wa kwetu, tulisoma wote." Wewe umesikia chijin. Mimi nimesikia osananajimi.

Fikiria alikuwa wapi. Tunduma ni mpakani. Asubuhi ofisini kwa wakala wanaingia madereva waliotoka Dar es Salaam, Wazambia kutoka Nakonde, watu wa Mbeya, watu ambao hata lugha wanaigawana vipandevipande. Bosi akiuliza "huyu nani", anachotaka kujua ni kama mgeni huyu anaweza kuachwa karibu na makaratasi ya wateja. Kijana akisema "huyu mshikaji wangu", kila dalali anayezunguka pale langoni ni mshikaji wa mtu. Akisema "nakama", bosi atadhani ni aina ya gari. "Mtu wa kwetu" maana yake najua kwao, namjua baba yake, akiharibu najua pa kumfuata. Amekuwekea dhamana. Neno alilichagua kwa ajili ya masikio ya bosi, hakuwa anapima urafiki wenu.

Majirani zenu Wanyakyusa, upande wa Rungwe, wana neno ukwangala: kukaa pamoja na kufurahia kuwa pamoja, kuzungumza, kula, kunywa. Monica Wilson alipoandika kitabu juu yao mwaka 1951 alilipa neno hilo nafasi kubwa. Alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyohama kwa baba zao wangali wadogo, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa wanakula kwa mama wa huyu leo, kesho kwa mama wa yule. Hakuna aliyehitaji kumtambulisha mwenzake. Ungewauliza mmoja kwa mwenzake ni nani, wangekuonyesha chungu.

Na wewe umenionyesha mkeka, ila umeupita haraka. Umeandika sentensi moja tu juu yake. Tunduma asubuhi kuna baridi, sakafu ni saruji, na huyo kijana siku iliyofuata alikuwa na kazi ya kusimama na kukimbia na mafaili. Alikupa kitanda. Hakukiita jina lolote.

Lakini simsafishi moja kwa moja. Lile jibu la jioni, la kukwambia ukatafute maana, lilikuwa la kiburi. Ulikuwa mgeni wake, umeumia, ulistahili kuelezwa. Inawezekana pia kwamba mji umemfanya ayaonee haya magunia yako. Hilo huwapata vijana wengi mwaka wa kwanza mjini. Kama ndivyo, liseme mbele yake, umsikie mwenyewe akikataa au akikubali. Usilikisie ukiwa mlimani na simu ikiita mfukoni.

Wiki tatu za kutopokea simu ni kosa lako wewe, na kubwa kuliko lake. Yeye alikosea jibu moja; wewe umemfungia mlango. Mpigie leo jioni akishatoka kazini. Usianze na nakama. Anza na kumshukuru kwa kitanda, kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ulipomshukuru.