SOMO LA KIJANA WA NYARUGUSU

Muhula huu bwenini kwetu yalizuka mabishano makubwa juu ya mchezaji mmoja wa mpira. Mwenzetu mmoja alisema, "Huyo ni msaliti. Kazaliwa Kigoma, anachezea Marekani." Wa pili akamjibu, "Si Mtanzania huyo, ni Mkongo." Wa tatu akasema ni Mmarekani, basi. Taa zikazimwa nasi hatujapatana. Kwa kuwa jambo lenyewe linatugusa sana sisi watu wa Mishamo, nimeona heri nilichunguze, kisha niwaandikieni niliyoyapata.

Mchezaji huyo ni Bernard Kamungo, winga. Alizaliwa tarehe 1 Januari 2002 huko Kasulu, mtoto wa wakimbizi wa Kikongo, akakulia katika kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 ili kuwapokea watu waliokimbia vita mashariki ya Kongo. Huko alicheza pekupeku, na mipira yenyewe ilikuwa ya kutengenezwa kwa mikono, kama hii ya mifuko ya nailoni na kamba ambayo kila mtoto wa hapa Mishamo amepata kuifunga.

Mwaka 2016, naye ana umri wa miaka 14, yeye na jamaa zake walihamishiwa Marekani, katika mji wa Abilene, jimbo la Texas. Akaanza maisha upya: nchi ngeni, shule ngeni, lugha ngeni. Alichokifahamu tangu zamani kilikuwa kimoja tu, nacho ni mpira.

Mwaka 2021 timu iitwayo North Texas SC ilitangaza majaribio ya wazi, yaani siku ambayo kijana yeyote akilipa ada huruhusiwa kucheza mbele ya waalimu wa timu. Kaka yake ndiye aliyemlipia. Bernard akaenda, akacheza, akachaguliwa, akatia sahihi mkataba. North Texas SC ni timu ndogo ya FC Dallas, ambayo hucheza katika ligi kuu ya Marekani. Basi akapanda kutoka timu ndogo hata akaingia timu kubwa.

Tarehe 6 Agosti 2023 FC Dallas walipambana na Inter Miami, timu ya Lionel Messi, katika Kombe la Ligi. Messi alitangulia kufunga. Dallas wakasawazisha, na karibu na mapumziko Kamungo akafunga bao la pili, Dallas wakaongoza 2-1. Baadaye waliongoza hata 4-2, lakini Miami walirudisha yote, Messi akafunga la nne kwa mpira wa adhabu, nao wakashinda kwa penalti. Dallas walitolewa, lakini kijana wa Nyarugusu alikuwa ameonekana. Tarehe 20 Januari 2024 akachezea timu ya taifa ya Marekani kwa mara ya kwanza, dhidi ya Slovenia, mjini San Antonio. Marekani walifungwa 1-0.

Sasa turudi katika mabishano yetu. Sheria ya mpira wa dunia inataka mchezaji awe raia wa nchi anayoichezea. Kuzaliwa mahali peke yake hakutoshi. Hapa kwetu mtoto wa mkimbizi azaliwaye kambini kwa kawaida hahesabiwi raia, bali hufuata uraia wa wazazi wake. Marekani, mkimbizi aliyepokewa huweza kuomba uraia baada ya kukaa miaka mitano. Tena sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Je, tutamwitaje msaliti mtu ambaye hatukuwahi kumpa hati? Nchi iliyompa hati ndiyo aliyoivalia jezi.

Sisi wa Mishamo tunalijua jambo hili kuliko wengi. Wazee wetu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakapewa msitu huu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaufyeka, wakalima. Walikaa zaidi ya miaka 30 wakiitwa wakimbizi. Ndipo Serikali ilipowapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu, na hati zikaanza kugawiwa mwaka 2014. Babu yangu ameifunga ya kwake katika kitambaa, na haigusi mtu ila yeye. Kwa hiyo mimi nikivaa jezi ya Tanzania siku moja, asitokee mtu Bujumbura kuniita msaliti. Nami kwa sababu hiyo hiyo simwiti Kamungo msaliti.

Katika habari hii nimeona mafunzo matatu.

Kwanza, kipaji bila mlango hakifiki. Siwezi kusema kwamba pale Nyarugusu hakuwako kijana hodari kuliko yeye. Pengine walikuwako wengi, nao wamebaki huko huko. Yeye alipata safari, na akapata ndugu wa kumlipia ada. Basi nawaomba wazazi na waalimu: majaribio yetu ya wazi ni UMISSETA. Mtoto akichaguliwa kwenda wilayani au mkoani, msimzuie kwa sababu ya nauli au shamba, maana mlango huo haufunguki kila siku.

Pili, hakuruka ngazi. Alianza timu ndogo, akaingia kubwa, kisha timu ya taifa. Sisi twapenda kuota Ulaya, na mazoezi ya saa kumi jioni twayakimbia.

Tatu, mkataba husomwa. Mchezaji asiyeelewa anachotia sahihi huuza miguu yake bila kujua bei. Basi wenzangu mnaosema kwamba mtu wa mpira hahitaji madaftari, fikirini tena.

Jumamosi iliyopita nilimweleza babu habari za Kamungo. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Hati alipewa?" Nikamjibu, "Ndiyo, babu, alipewa." Akasema, "Basi mwacheni acheze."

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mishamo