Unafagia asubuhi, pua inaziba usiku

Kiangazi kikiingia Kindu, vumbi jekundu hufuata kila pikipiki, na wengi wanaopiga chafya husema wana mafua. Mafua ya kweli huja na maumivu ya koo au uchovu, kisha huisha baada ya wiki moja hivi. Muwasho wa pua, chafya za mfululizo na kamasi jepesi kama maji, vikirudi kila unapofagia au kutandika kitanda, mara nyingi ni aleji.

Vumbi la barabarani hukera pua tu. Anayeleta aleji mara nyingi yumo chumbani: utitiri usioonekana kwa macho, unaopenda magodoro na mito yenye unyevu, pamoja na mende na ukungu wa ukutani. Mwili wa mwenye aleji una kingamwili iitwayo IgE, iliyoshikamana na seli za ndani ya pua. Ukivuta vumbi la godoro, seli hizo humwaga histamini ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo inayowasha na kukupigisha chafya. (IgE hiyo hiyo hupambana na minyoo, kwa hiyo kipimo kinachoonyesha IgE nyingi kwa mtu mwenye minyoo hakithibitishi aleji.)

Nyuma ya histamini huja wajumbe wa polepole, interlukini, zinazoitwa kwa namba. Ya 4 na ya 13 huchochea IgE na kamasi zaidi. Ya 5 huita seli nyeupe ziitwazo eosinofili, nazo huvimbisha pua. Kazi hiyo huchukua saa 4 hadi 12. Ndiyo maana mama aliyekung'uta magodoro asubuhi huzibwa pua usiku, akalaumu baridi ya Lualaba. Moshi wa mbabula nao ukichubua utando wa pua, utando wenyewe hutuma ujumbe wa hatari unaozidisha uvimbe.

Kwa chafya na muwasho, mtu mzima anaweza kumeza setirizini au loratadini ya miligramu 10 mara 1 kwa siku. Klorofeniramini ni rahisi kwa bei lakini hulaza usingizi; mwendesha pikipiki au mtumbwi asiinywe akiwa kazini. Pua iliyoziba haisikii sana vidonge hivyo. Inahitaji dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kila siku, na nafuu kamili yaweza kuchukua wiki 2. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, la sivyo pua huziba zaidi. Amoksisilini haina kazi hapa, na deksametazoni ya kujinunulia dukani ni hatari kabisa.

Anika godoro juani, chemsha shuka, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, pikia nje. Mwenye aleji asifagie. Wengine nyumbani wana mikono. Kifua kikilia filimbi, au pua ikiziba upande mmoja tu na kutoa damu, nenda kituo cha afya.