Sababu na Tokeo: Somo kwa Watakao Kazi za Benki



Vijana wetu wengi wa Kisumu hujitayarisha kwa mitihani ya kuingia kazi za benki kwa kuhifadhi majina na tarehe. Kuhifadhi ni kwema, lakini mtahini hutaka zaidi. Humpa mtu khabari mbili, kisha humwuliza: ipi ni sababu na ipi ni tokeo? Au zote mbili ni matokeo ya sababu nyingine? Asiyezoea kupima mambo huanguka hapo.

Tuanze na lililo karibu nasi. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda, yakaingia nyumba za ufukweni. Mwaka huo huo Ziwa Baringo nalo lilipanda. Je, hili lilisababisha lile? La, hapana mto uyaunganishao. Yote mawili yalijazwa na mvua nyingi zilizoanza mwisho wa 2019. Ni matokeo mawili ya sababu moja.

Sasa tuje kwenye benki. Septemba 2016 sheria ilianza kuzizuia benki za Kenya zisitoze riba ya mkopo iliyopita kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya 4 kwa mia. Baadaye wafanyabiashara wadogo walilalamika kwamba mikopo haipatikani. Mwenye haraka husema: sheria ndiyo sababu. Sisi yatupasa kuuliza maswali mawili.

Kwanza, je, sababu ilitangulia tokeo? Ukuaji wa mikopo ulikwisha anza kupungua kabla ya sheria, na benki mbili zilikuwa zimefungwa: Imperial, Oktoba 2015, na Chase, Aprili 2016. Basi sheria haikuwa sababu ya pekee.

Pili, je, iko njia itokayo kwenye sababu mpaka kwenye tokeo? Iko. Muuza samaki asiye na hati ya shamba ya kuweka rehani ni mkopaji wa hatari. Benki isiyoweza kutoza zaidi kwa hatari hiyo huona afadhali kuikopesha Serikali. Basi sheria ilizidisha lililokwisha anza. Iliondolewa Novemba 2019.

Wako wasemao kwamba mambo ya riba si ya kusomwa na Mwislamu. Twawauliza: mtu ataepukaje asilolijua? Hata benki zisizotoza riba, zilizoanza Kenya mwaka 2008, zahitaji watumishi waelewao.

Zoezi: Nauli imepanda, bei ya mbuta sokoni imepanda. Je, moja imezaa nyingine, au zote zimezaliwa na bei ya mafuta? Jibuni kwa kuandika njia yenyewe, hatua kwa hatua.