Mzigo Usioonekana Shingoni mwa Mwanafunzi



Somo letu la leo ni maumivu ya shingo na mgongo wa juu yanayotokana na kukaa vibaya mbele ya kompyuta. Mimi nasomea tiba ya viungo. Kila likizo nikirudi nyumbani Kahendero, kando ya Ziwa George wilayani Kasese, wanafunzi wenzangu huniuliza: "Mbona shingo inaniuma na sijabeba kitu?" Huwajibu kwamba wamebeba, ila mzigo wenyewe hauonekani.

1. Mzigo gani?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikikaa wima, mifupa 7 ya shingo hukipokea bila taabu. Ukikiinamisha, misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega hulazimika kukivuta kisianguke. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo huko New York, alikokotoa nguvu inayoikandamiza shingo: ukiinama nyuzi 15 ni kama kilo 12, nyuzi 30 kilo 18, na nyuzi 60 kilo 27. Hayo ni makadirio ya hesabu, lakini yanatupa picha.

Jerikeni la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Anayelibeba kichwani hunyoosha shingo, hutembea, na akifika nyumbani hulitua. Sisi tunabeba shingo ikiwa imepinda, mwili umetulia tuli, na hatutui mpaka saa nane za usiku. Misuli iliyokazwa muda mrefu bila kupumzishwa huchoka, hukakamaa, kisha huuma.

2. Kwa nini kompyuta mpakato?

Jina lenyewe lataja kupakata. Kioo na kibodi vimeungana: ukiiweka chini ili mikono ipumzike, shingo huinama, ukiinua kioo kifike machoni, mabega hupanda. Hali huwa mbaya zaidi tunapokaa kitandani au mkekani kwa sababu soketi ya umeme iko karibu na sakafu.

3. Mwili una haki

Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.) alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake pia. Ikiwa ibada ya sunna iliwekewa kiasi, seuze ripoti ya utafiti? Tena anayeharibu shingo mwaka wa pili atasomaje mwaka wa nne, na atawahudumiaje wazazi waliouza ng'ombe au samaki ili asome?

4. Tufanye nini?

(a) Weka kompyuta juu ya meza, uiinue kwa kreti tupu la soda au vitabu vizito (Msahafu na vitabu vya dini havitumiki kwa kazi hiyo), mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Kioo kiwe umbali wa mkono mmoja.

(b) Ukiinua hivyo, tumia kibodi na kipanya vya pembeni. Kama huna, mchange wawili au watatu wa chumba kimoja mnunue seti moja.

(c) Egemeza mgongo, nyayo zikanyage chini, viwiko viwe karibu na mbavu.

(d) Kila dakika 30 simama, utembee kidogo. Hakuna mkao mzuri wa kukaa saa tano mfululizo.

(e) Rudisha kidevu nyuma taratibu bila kuinamisha kichwa, hesabu mpaka 5, achia. Kisha vuta mabega nyuma yakaribiane. Fanya kila moja mara 10. Likikuuma zaidi, acha.

(f) Adhana ikilia, funga kompyuta na usali kwa wakati. Hatusali ili kufanya mazoezi. Tunasali kwa kuwa Allah ameamrisha. Lakini anayechelewesha Adhuhuri na Alasiri kwa ajili ya kioo hukosa na mapumziko ya mwili. Na katika rukuu tumefundishwa kunyoosha mgongo, kichwa kisiinuliwe wala kisiinamishwe.

5. Lini uende hospitali?

Maumivu mengi ya aina hii hupungua kwa wiki chache ukibadili mwenendo. Usingoje ikiwa mkono unakufa ganzi au unalegea, miguu inakosa nguvu, una homa na shingo imekakamaa, au maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Usikubali mtu akuvunje shingo "ilie". Nenda upimwe kwanza.

Leo hii, kabla hujafungua kazi yako, tazama kioo chako kiko wapi na shingo yako iko wapi. Kisha tua mzigo.