Mgonjwa wa Akili Ana Haki

Tusimfunge kamba mtu mwenye ugonjwa wa akili, wala tusimfungie ndani. Tumpeleke hospitali. Hapa milimani Usambara, hospitali ya Lutindi inatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904.

Mgonjwa anaweza kulazwa kwa hiari yake. Lakini pengine amezidiwa, anakataa matibabu, na anaweza kujidhuru au kudhuru wengine. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu alazwe bila hiari yake. Hata hivyo, utaratibu wa sheria lazima ufuatwe. Katiba yetu, ibara ya 15, inakataza mtu kufungiwa bila kufuata sheria. Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa.

Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, ulizeni: Kwa nini analazwa? Nani ameamua? Lini atapimwa tena? Mtembeleeni. Shamba lake lisigawanywe. Bado ni lake. Akipata nafuu, mpokeeni nyumbani.

Maswali
1. Mgonjwa anaweza kulazwa bila hiari yake wakati gani?
2. Ndugu waulize nini hospitalini?